Maziwa Yasiyoganda

Bibi Pimbi alikuwa na vibuyu vitatu, na kila kimoja alikijua kwa sauti yake. Jioni alivisugua ndani kwa kijinga cha moto, akakung'uta majivu, akamimina maziwa yaliyotoka kuletwa, kisha akavitundika chini ya ubavu wa mwamba ambako jua la Igogo halifiki. Siku ya kwanza ukikitikisa kibuyu kinasema kama maji. Siku ya pili kinaanza kunong'ona. Siku ya tatu kinagota, gubu, gubu, sauti nzito ya kitu kilichoshikana, na hapo wajukuu wote wa mawe yale hujua kwamba mgando umeiva, wakakimbilia kutafuta michembe ya viazi vitamu ya kulia.

Mwaka wa hekaya hii, siku ya tatu ilifika na kibuyu kikaendelea kusema kama maji. Akakiacha. Siku ya nne, maji. Siku ya tano akakifungua, akamimina bakulini. Yalitoka meupe na mepesi, hayana uchachu wala harufu, kana kwamba yamekamuliwa saa ile.

"Shikamoo, bibi," alisema Mjusi, yule wa kichwa chekundu anayeshinda akiota jua juu ya mawe. "Tumepata neema. Maziwa ya siku tano na hayajaharibika!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Joto la mawe haya huozesha dagaa kabla hawajamaliza kuanikwa. Kitu kilichokataa kuoza hapa, tumboni mwa mtoto kitakwenda kukubaliana na nani?"

Mjusi hakuwa na jibu. Jibu lilikuja usiku uleule. Watoto wawili wa Sungura walitapika na kuharisha hadi alfajiri, macho yakazama, midomo ikakauka. Hawakufa. Nalisema hili mapema kwa sababu habari za watoto na maziwa si za kumwekea mtu roho juu.

Asubuhi kilio cha Mama Sungura kilishuka kutoka kwenye mawe hadi majini, kikamfikia Kiboko. Simba, mwenye nchi, anakaa mbali Serengeti, na mambo ya mwambao wote huu wa Ziwa Victoria alikuwa amemkabidhi Kiboko. Kiboko alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kweli. Nataka tumtendee haki: hakulala siku ile. Alimwita Furukombe, ambaye hakuna jicho linalomshinda kwenye ziwa, akamkabidhi laktomita kutoka ghala la serikali, akamwambia, "Nenda sokoni. Nataka aliyechakachua maziwa ya watoto."

Furukombe akaenda sokoni. Akakaa juu ya paa, akangoja.

Kabla jua halijapanda alimwona Punda akiteremka njia ya Mkuyuni na madumu manne mgongoni, mawili kila upande, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. Punda alikuwa ametembea usiku kucha kutoka Misungwi, kwa Mama Ng'ombe. Kwato zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Furukombe akamsimamisha mbele ya watu wote, akafungua dumu la kwanza.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, laktomita ni kijiti cha kioo chenye tumbo chini na shingo nyembamba juu, na shingoni kuna namba. Ukiitumbukiza katika maziwa safi ya ng'ombe huelea, na uso wa maziwa huikata shingo mahali fulani kati ya 26 na 32. Yakiongezwa maji yanakuwa mepesi, kijiti kinazama zaidi, namba inayosomeka inashuka. Ni kitu kidogo, na mpimaji mwenye subira hukingoja kitulie kwanza, maana kikigusa ukingo wa chombo hudanganya. Furukombe alikingoja. Kilitulia kwenye 21.

Hakuna aliyemuuliza Punda neno. Madumu manne yalimwagwa juu ya mwamba mbele ya umati, ngoma ikapigwa, Kiboko akahutubia, Punda akachapwa viboko vitano na kutozwa faini ambayo asingeweza kuilipa kwa safari kumi. Umati ulishangilia kwa sababu ulikuwa na uchungu, na mwenye uchungu humshangilia yeyote anayeonekana kufanya jambo. Maziwa yalitiririka kwenye nyufa za jiwe hadi karibu na miguu ya Bibi Pimbi, naye akaona kitu ambacho Furukombe hakukiona. Sisimizi walitoka kwenye ufa, wakafika ukingoni mwa ule mto mweupe, wakasimama, wakageuka.

Wiki mbili Punda alionekana sokoni akiwa hana mzigo. Wiki ya tatu alirudi na madumu aliyokopa. Furukombe akatumbukiza laktomita. 29. Akarudia. 29. Akapeleka habari, na Kiboko akatangaza kuanzia Igogo hadi Kirumba kwamba maziwa sasa ni salama, akina mama wanyweshe watoto bila hofu.

Bibi Pimbi akanunua nusu kibuyu. Siku ya tatu kikasema kama maji.

Sasa hapo ndipo penye uzito wa hekaya hii, na sitapapita haraka. Bibi kizee hakuwa na cheo wala chombo cha serikali. Alichokuwa nacho ni miaka ya kusikiliza vibuyu. Akachukua maziwa kidogo kwenye kifuu, akapanda nayo taratibu hadi kwa Korongo, mganga, anayekaa karibu na hospitali ya binadamu kule Bugando na ambaye kwa miaka mingi ameokota mengi yanayotupwa pale. Korongo alikuwa na kichupa cha iodini, ile dawa ya rangi ya kahawia inayopakwa kwenye kidonda.

"Yachemshe kwanza," alisema Korongo, "halafu yaache yapoe kabisa."

Walingoja. Upepo wa ziwa ulipoza kifuu. Korongo akainamisha kichupa kwa ncha ya mdomo wake, tone moja likaangukia katikati ya weupe. Maziwa matupu yangebaki na umanjano hafifu. Tone lile lilitua, likajitanua, likageuka bluu, bluu ya giza kama wingu la mvua linalotoka upande wa Ukerewe.

"Wanga," alisema Korongo. "Kuna uji humu. Wa muhogo, nadhani."

"Na kijiti kilisoma 29."

"Kilisoma sawasawa, bibi. Kijiti hakikusema uongo. Kiliulizwa uzito, kikajibu uzito."

Usiku ule Bibi Pimbi hakwenda kwa Kiboko. Alikwenda kwa Kobe, ambaye ameishi kwenye mwambao huu muda mrefu kiasi kwamba hakuna aliyebaki wa kuthibitisha umri wake. Kobe alisikiliza habari yote akiwa amefumba macho, kisha akasema kwamba ameshawahi kuisikia, mara mbili, kwa binadamu.

"Mara moja ilitoka mbali, China, mwaka 2008. Huko wakusanyaji maziwa walikuwa wakiongeza maji, na viwanda vikawa vinapima protini ili kuwakamata. Lakini kipimo chenyewe hakikuiona protini. Kilihesabu naitrojeni tu, kwa kuwa protini ina naitrojeni. Walipojua hilo, wakatia melamini. Unazijua zile sahani ngumu za rangirangi binadamu wanazolia pilau? Hiyo ndiyo melamini. Ina naitrojeni tele. Kipimo kikaridhika. Watoto wachanga wakapata mawe kwenye figo. Wapatao 300,000 waliugua, sita walikufa, na kampuni iliyotajwa zaidi, Sanlu, ikaanguka. Tanzania nayo ilipiga marufuku maziwa ya China mwaka ule, madukani watu wakageuza makopo kusoma yametoka wapi. Wengi wao walikuwa hawajawahi kugeuza kopo."

Bibi Pimbi akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo kipimo ni kibaya?"

"Kipimo ni kizuri. Lakini mwizi akijua kipimo kinatafuta nini, atakipa hichohicho. Kikitafuta uzito atakipa uzito. Ukikiacha peke yake sokoni, mwisho wa safari, kinageuka mwalimu wa mwizi."

"Na mara ya pili?"

"Hiyo ilikuwa hapahapa. 1999. Zilitoka taarifa za wavuvi wachache wanaomwaga sumu ya kuulia wadudu ziwani ili samaki waelee. Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wote wa Ziwa Victoria, wa Uganda, wa Kenya, wa kwetu. Mvuvi aliyetega nyavu zake kwa haki alifungiwa pamoja na aliyemwaga sumu, kwa sababu sangara akishafika kiwandani hakuna anayeweza kusema alitoka kwenye mtumbwi upi. Nilikuwa naona mitumbwi imelala mchangani. Unajua walitokaje? Hawakutoka kwa kuwachapa wachukuzi wa samaki. Ilibidi ukaguzi uteremke hadi mwaloni, mahali samaki anaposhushwa. Wavuvi wenyewe wakawa na vikundi vyao vya ulinzi, hivi vinavyoitwa BMU. Na pale Nyegezi leo ipo maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Yaani walianza kuuliza samaki amepita wapi."

Kobe akafungua macho. "Dumu la Punda limepita mikono mingapi?"

Bibi Pimbi hakujua. Wala Furukombe, alipofuatwa juu ya mti wake, hakujua. Alikaa kimya muda mrefu. Ni aibu kubwa kwa mwenye macho kuulizwa jambo lililokuwa barabarani siku zote. Nampenda Furukombe kwa alichofanya baadaye, kwa sababu wengi wenye cheo wakifikia hapo hujitetea. Yeye alimtafuta Punda, akatua chini, ardhini kabisa, akamuuliza kwa upole.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema Punda. "Mzigo naupokea kwa Mama Ng'ombe Misungwi. Nikifika Buhongwa Nyani ananisimamisha, anasema huo ndio utaratibu, madumu lazima yakaguliwe. Anaingia nayo ndani. Akiyatoa yamejaa kuliko nilivyoyaleta. Nikikataa, njia inafungwa. Nikifika sokoni yananunuliwa na Fisi, naye huuza vikombe vyake kwa bei apendayo. Mimi nalipwa kwa kubeba."

Basi usiku uliofuata Furukombe aliruka juu ya barabara, akaifuata kinyumenyume, kutoka sokoni kwenda Buhongwa. Kwenye banda la Nyani aliona kazi yote. Kwanza malai yalienguliwa na kuwekwa pembeni kwa ajili ya samli, na maziwa yaliyoenguliwa malai huwa mazito zaidi kwenye laktomita, kwa hiyo maji yanapata nafasi. Yakaingia maji ya kisima kilichochimbwa karibu na choo. Ukaingia uji mwepesi wa muhogo na sukari, Nyani akiwa na laktomita yake mwenyewe mkononi, anaongeza, anasoma, anaongeza, anasoma, hadi 29. Na mwisho kikatoka kichupa: peroksaidi, dawa ya povu inayooshea vidonda, ili mzigo uliochanganywa na maji ya choo usichache kabla ya kufika mjini. Hiyo ndiyo iliyonyamazisha vibuyu.

Kichupa kilitoka wapi? Kwa Kenge, mwenye ghala kwenye kingo za Mto Mirongo, anayeuza kwa katoni na hamuulizi mnunuzi anatibu kidonda gani.

Hapa mambo yakawa magumu. Kenge na Kiboko ni watu wa maji yaleyale. Kenge ndiye aliyelisha wageni siku ya sherehe ya Kiboko. Kiboko aliposikia jina lile alizama, akakaa chini ya maji hadi mifugo yote iliyokuja kunywa ikaondoka bila kumwona. Alipoibuka alisema, "Tumkamate Nyani pekee, inatosha."

Furukombe akajibu, "Mheshimiwa, Punda tulimchapa mbele ya watu kwa maziwa ambayo hakuyachanganya. Kama mkono wetu unafika kwa mwenye kwato na haufiki kwa mwenye ghala, akina mama watajua tunachokilinda."

Hakuna ngoma iliyopigwa usiku ghala la Mirongo lilipofungwa. Silitaji hili kwa ajili ya kunogesha. Nimeona bidhaa zikimwagwa na kuchomwa mchana mbele ya kamera, na nimetamani mara nyingi kuiona ile safari ya kimya ya kurudi nyuma, mlango kwa mlango, hadi kwa aliyeuza kichupa. Binadamu wa Tanzania wameijengea kazi hii nyumba kadhaa: TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa sheria ya 2003, Bodi ya Maziwa kwa Sheria ya Tasnia ya Maziwa, Namba 8 ya 2004, kisha mwaka 2019 usimamizi wa chakula ukahamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kila nyumba ina sababu yake. Lakini ni sehemu ndogo tu ya maziwa ya nchi hii inayopita kiwandani. Mengi hupita kwenye baiskeli na pikipiki, ndani ya madumu, kabla hakujapambazuka, na swali la Kobe linabaki barabarani pamoja nayo.

Nyani alihukumiwa, Kenge alihukumiwa, Fisi akanyang'anywa kibanda. Punda alifutiwa faini yake, na Furukombe alikwenda mwenyewe kumwomba radhi, sokoni, mahali palepale alipochapwa. Bibi Pimbi akanunua maziwa yaliyotoka Misungwi moja kwa moja, bila kusimama Buhongwa. Akayatundika.

Siku ya tatu, kibuyu kikasema kama maji.

Naomba msomaji anivumilie, maana hapa ndipo hasira zetu nyingi hupotea njia. Umati ulitaka Punda achapwe tena. Safari hii Bibi Pimbi alisimama njiani, mdogo kama alivyo, akasema hapana, tutakwenda kuuliza. Wakaenda wote, Bibi, Punda na Furukombe, hadi Misungwi.

Mama Ng'ombe alikuwa amelala upande mmoja. Robo moja ya kiwele chake ilikuwa imevimba, ngozi imewamba na kung'aa.

"Mwangaluka, mayu," alisema Bibi Pimbi.

"Mwangaluka."

"Umechomwa sindano?"

"Tangu mwanzo wa wiki. Ugonjwa wa kiwele. Daktari alisema maziwa yangu yasiuzwe mpaka dawa iishe mwilini, siku kadhaa." Akageuza macho. "Ndama wangu anahitaji majani ya kununua, na kisima kimekauka. Bei aliyokuwa ananipa Nyani haikunibakishia kitu cha kuweka akiba. Siku moja nisipouza, siku hiyo hatuli. Nilijua. Niliuza huku najua."

Hakukuwa na uji humu, wala maji, wala peroksaidi. Ilikuwa dawa halali ya kuua vijidudu, iliyochomwa na daktari halali, ikiua pia vile vidudu vyema vinavyogandisha maziwa. Kwa watoto wa mawe ya Igogo bado yalikuwa maziwa yasiyofaa. Furukombe alimtazama Mama Ng'ombe, akatazama laktomita aliyoibeba, ambayo kwa jambo hili haikuwa na neno lolote la kusema.

"Siku ngapi zimebaki?" aliuliza.

"Tatu."

"Tutakulipa siku tatu. Na hayo maziwa utayamwaga wewe mwenyewe."

Fedha zilitoka wapi? Zilitoka kwenye faini ya Kenge, na baada ya hiyo kuisha zikatoka kwenye senti za kila dumu, wanunuzi wote na wakamuaji wote, chini ya mti mkubwa wa Mkuyuni ambao wanyama waliukubali kuwa kituo cha maziwa. Pale kila dumu hufunguliwa mbele ya mnunuzi. Linaandikwa limekamuliwa wapi, na nani, saa ngapi, na nani amelibeba. Laktomita ipo, na Furukombe anaisoma kwa sauti. Iodini ya Korongo ipo. Mkamuaji mwenye mgonjwa zizini anasema, na anayesema analipwa. Wapo waliosema uongo ili walipwe. Wawili walikamatwa mwezi wa kwanza. Bei ya kikombe ilipanda kidogo, na Mama Sungura alinung'unika, kisha akalipa, akakaa palepale kivulini akiwatazama watoto wake wakinywa.

Siku ya nne baada ya safari ile ya Misungwi, dawa ikiwa imekwisha mwilini mwa Mama Ng'ombe, Punda alifika Mkuyuni kukiwa bado giza. Bibi Pimbi alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Akarudi na kibuyu kimoja, akakitundika chini ya mwamba, akakaa.

Usiku wa pili Punda alipanda mawe yale, jambo ambalo kwato hazilipendi, akasimama mlangoni.

"Hodi, bibi. Kimesemaje?"

"Karibu. Bado kinanong'ona."

Punda hakuondoka. Wakakesha wawili hao, taa za mitumbwi ya dagaa zikiwaka mbali ziwani. Alfajiri, kabla Mjusi hajatoka kuota jua, Bibi Pimbi alinyoosha mikono, akashika kibuyu kwa shingo, akakitikisa mara moja.

Gubu.

"Mjukuu wangu," alimwambia Punda, "nenda kaamshe watoto. Waambie waje na michembe."